Mwaka Niliomtaja Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliitwa Asegelile Mwaisemba. Naliandika jina lake hapa juu kabisa, kabla ya kitu kingine, ili anayeona aibu aweke karatasi chini sasa hivi asijisumbue. Kwetu Rungwe mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakai chumba alimo, na akimsikia anakuja njiani anajitupa pembeni migombani, anajifunika kanga mpaka mzee apite. Tunaita ukutila. Watu wa mjini wakisikia wanacheka, na hata wachungaji walikuwa wanasema ni mambo ya kale, ila ukiangalia vizuri wake zao walijificha vilevile. Mimi nilijificha miaka mitatu. Mwaka wa nne nikalitamka jina hilo mbele ya watu, mara moja tu, na mara moja hiyo ikanimaliza. Mwezi uliopita wamemzika. Nimekwenda. Na huko msibani nimesikia maneno mawili, moja limesomwa kwenye karatasi na lingine nimenong'onezwa, ndiyo yamenikalisha chini niandike, mimi niliyeishia darasa la nne.

La kwanza lilikuwa la karatasi. Mvua ilinyesha kama ilivyo kawaida ya kwetu, tumekaa chini ya turubai, wanawake upande wetu, wanaume upande wao, jeneza mbele. Kijana mmoja wa ukoo akashika kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu. Amezaliwa, amebatizwa, ameoa, amekuwa mzee wa kanisa mpaka uzeeni. Halafu akasoma hivi: kanisa lilipoibiwa mabati yake na watu wasiomcha Mungu, marehemu alijitolea kwa mali yake mwenyewe kuliezeka lote, na paa mnaloliona pale ng'ambo ndilo kumbukumbu aliyotuachia. Watu wakaitikia amina. Nikageuza shingo kulitazama lile paa. Limeota kutu sasa, lakini lipo. Mama aliyekaa karibu nami akanigusa bega, "Dada, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti cha plastiki mpaka vidole vimekufa ganzi. Nilidhani nimeshazeeka na uchungu wangu, hakuna kitu cha ukoo ule kinachoweza kunishtua tena. Kumbe nilikuwa sijaona kitu.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Nyuma yake kidogo tu tulikuwa tunafulia majani ya mpapai na kupanga foleni kwenye duka la ushirika kwa kipande cha sabuni. Mara Tukuyu ikajaa vitu: redio, baiskeli, mashati ya mitumba, sabuni za harufu ambazo ukipita na mtu aliyeogea unageuka kumtazama. Watu waliokuwa wametulia wakaanza kuota biashara, na mashine ya kusaga ndiyo ilikuwa ndoto ya kila mwanaume mwenye kiwanja. Sisi tulikaa Masukulu. Nyumba kubwa ilikuwa ya wakwe, sisi wadogo tulikuwa na vyumba viwili nyuma, na katikati pana jiko la matofali mabichi lenye mlango mmoja na dirisha dogo la kutolea moshi. Maisha yangu yalikuwa jiko lile. Ile sebule yenye kalenda ya kanisa na vitambaa vya kufuma sikuwahi kuingia hata kufagia. Uso wa baba mkwe sikuujua sawasawa. Nilimjua kwa kikohozi chake cha kutuonya kwamba anapita, kwa mabuti yake ya mvua, na kwa sala zake. Alikuwa anaomba alfajiri sebuleni, mimi nawasha moto jikoni namsikia, kwa sauti ya upole, taratibu, bila kelele. Niseme ukweli ulivyo: kuomba nimejifunza kwake. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Kanisa letu lilikuwa na bati bovu, mvua ikinyesha kwaya inahama upande. Marafiki wa kanisa wa ng'ambo wakaleta mabati mapya, mazito, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Tuliyapokea kwa nyimbo. Yakafungiwa stoo, ufunguo akapewa Mzee Gwakisa, mlinzi wa kanisa, mjane asiye na mtoto, aliyekaa kwenye kibanda nyuma ya kengele. Siku moja katibu wa kamati ya ujenzi, Ndimbumi, akamtuma Gwakisa Mpuguso na barua. Ni mwendo wa siku nzima kwa mtu wa kifua kibaya. Aliporudi kufuli lilikuwa limefungwa vilevile, na ndani hamna hata bati moja. Alijieleza mpaka sauti ikakauka. Wazee wakamwambia ufunguo ni mmoja na ulikuwa mfukoni mwako, sasa tuamini nini? Hawakumpeleka polisi, wakasema wanamhurumia. Wakamtenga. Kwetu kutengwa maana yake unakaa benchi la mlangoni, huimbi kwaya, hushiki sadaka, na meza ya Bwana unaitazama kwa mbali kama mtoto. Mpaka arudishe mabati. Gwakisa hakuwa hata na bati lake mwenyewe, kibanda chake kilikuwa cha nyasi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa jikoni nimebandika mbalaga, ndizi na maharage, chakula cha jioni cha nyumba kubwa. Mvua ikashuka ile ya Rungwe, haina habari na mtu. Nikasikia kikohozi, nikasikia mabuti, na miguu mingine. Baba mkwe na Katibu Ndimbumi walikuwa wanatoka shambani, wakaona hawafiki, wakajibanza kwenye upenu wa jiko, mlangoni pangu kabisa. Mimi niko ndani, mlango ni mmoja, na wao wameegemea ukuta. Mkwe mwingine labda angekohoa. Mimi nilifundishwa kwamba nikishakuwa karibu hivyo hata pumzi naibana. Nikajibanza kwenye kona penye kuni, kanga kichwani. Hawakujua kama kuna mtu.

"Mzee, yule jamaa wa Msasani, hapo Tukuyu, anasema mzigo wote umeshapanda Mbeya," akasema Ndimbumi.

"Wote?"

"Halikubaki hata bati la kufunikia kuku. Mashine yako inashuka Mpuguso wiki ijayo, hiyo hiyo ya rangi ya kijani uliyoitaka."

"Na ule ufunguo wa pili?"

"Nimeutupa mtoni. Nani ataukumbuka, ulichongwa zamani."

Nikadhani wataongea mengine. Halafu baba mkwe, kwa sauti ile ile ya alfajiri, akasema, "Gwakisa ana kifua. Sidhani kama anamaliza mwaka."

"Basi si Mungu mwenyewe anatusaidia," Ndimbumi akajibu, akacheka. Baba mkwe hakucheka. Alisema tu, "Tumwachie Bwana."

Nilikuwa natazama chungu. Maji yalikuwa yamekauka, ndizi zinalia, harufu ya kuungua inapanda, na mimi siwezi kunyanyuka hata kusogeza ukuni, maana nikinyanyuka watanisikia. Nilikaa hivyo mpaka mvua ikapungua na mabuti yakaenda. Niliogopa. Si kwa sababu ya mabati. Ni kwa sababu ya ile "tumwachie Bwana". Sikujua kwamba mtu anaweza kusema neno hilo kwa kazi kama ile.

Nikajaribu kuokoa chakula, nikachota cha juu, lakini mbalaga iliyoungua haifichiki. Mama mkwe akaipeleka ndani huku ananinung'unikia. Niliposikia sahani zinarudi nikajiandaa kwa matusi. Mama mkwe akaja ameshika bakuli tupu, uso wake umejaa maswali. "Amekula yote," akasema. "Mimi nimeshindwa tonge moja. Yeye amekula mpaka ukoko, wala hakusema kitu. Ameuliza tu, leo jikoni alikuwa nani." Hapo ndipo nikajua kwamba amejua. Mtu ambaye chumvi ikizidi anarudisha sahani, siku hiyo alikula moshi mtupu akanyamaza.

Baada ya siku chache nikaanza kupendwa. Mama mkwe alikuja kwenye chumba chetu mchana, mume wangu Ipyana akiwepo, nyuma yake wanaume wawili wamebeba cherehani mpya, ya miguu, inang'aa bado ina mafuta ya kiwandani. "Mama Bupe," akaniambia, Bupe ndiye binti yangu, alikuwa na miaka mitatu wakati ule, "Mzee amekukumbuka. Anasema mkwe huyu anafanya kazi sana. Na mwisho wa mwaka anataka kukutolea ndama, ufunguliwe." Kufunguliwa kwa ukoo ule ni heshima kubwa: baba mkwe akishakutolea kitu unapunguziwa kujificha, unaweza kupita njia moja naye, unasalimiwa. Wengine wanazaa watoto watano ndipo wanafunguliwa. Mimi mmoja tu.

Alipotoka nikamwambia Ipyana yote niliyosikia. Alikuwa anagusa gurudumu la cherehani kwa kidole, analizungusha taratibu. "Mvua ilikuwa kubwa," akasema. "Ulisikia vibaya."

"Sikusikia vibaya, Baba Bupe. Walikuwa wameegemea ukuta."

"Basi kama ulisikia vizuri, sahau vizuri." Akanitazama. "Wewe ulitaka cherehani tangu unaolewa. Si hii hapa?"

Nilitaka, ndiyo. Sitajifanya malaika. Nilishona. Nilikata gauni la Bupe, la maua ya manjano, nikamshonea mfuko mbele kama wa watoto wa mjini, na alipolivaa akazunguka uwanjani mpaka akaanguka. Nilicheka. Nilikuwa nacheka huku najua. Kila nikikanyaga ile miguu ya cherehani nasikia kikohozi cha Gwakisa ndani yake, lakini nakanyaga.

Sasa katika kanisa letu, Ijumaa kabla ya Jumapili ya meza ya Bwana, kila mshirika anaingia mmoja mmoja kwenye chumba cha wazee. Mchungaji na wazee wamekaa nyuma ya meza ndefu. Wanakuuliza swali moja tu: una neno? Maana yake una ugomvi na mtu, una dhambi inakukaba, una kitu usichoweza kukipeleka mezani? Asiye nacho anajibu sina neno, anapewa mkono, anatoka. Wakiingia wake wa watoto wake, baba mkwe aligeuza kiti akatazama ukutani. Ijumaa ile niliingia nikauona mgongo wake, koti la kahawia, shingo nyembamba. Mchungaji Anyitike akaniuliza, "Una neno, Mama Bupe?" Nikasema sina neno. Jumapili nikaenda mezani na kitambaa cheupe kichwani. Gwakisa alikuwa benchi la mlangoni, mvua inamrushia, anakohoa ndani ya kofia yake ili asitusumbue sisi watakatifu. Ule mkate nilishindwa kuumeza. Ulikaa mdomoni mpaka wimbo wa mwisho, nikatoka nao nje, nikautema kwenye kanga, nikaufukia nyuma ya jiko. Kama kuna dhambi ninayoiogopa siku ya hukumu ni hiyo.

Nikaanza kumpelekea Gwakisa uji. Meza ya Bwana ilikuwa mara nne kwa mwaka, kwa hiyo nilikuwa na miezi mitatu, na katika miezi hiyo mtu yule aliisha mbele ya macho yangu. Kibandani mwake mlikuwa na kitanda cha kamba, sufuria, na Biblia isiyo na jalada. Siku moja nikashindwa, nikamwambia nilichosikia jikoni. Nilitegemea atapiga kelele, atalia, atasema twende. Alikoroga uji mpaka ukapoa.

"Kumbe ulikuwepo wa pili," akasema. Ufunguo. Hilo ndilo lililokuwa linamtesa, jinsi kufuli lilivyofunguka. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nifanye nini, tata?"

"Mimi sitaki mabati. Sitaki waadhibiwe. Nataka kula meza ya Bwana kabla sijafa, basi." Akakohoa, akafuta mdomo. "Ila wewe una mtoto kwenye nyumba ile. Sikuambii useme, mwanangu. Wala sikuambii unyamaze. Mwulize mwenye mapenzi yake."

Nilikasirika. Ningependa aniamuru, nikiumia nimlaumu yeye. Ikawa ninauliza kwenye shamba la chai nilikokuwa nachuma kibarua, katikati ya mistari, mikono inakwenda yenyewe na midomo inakwenda yenyewe. Kyala, nikasema, Mungu wa kwetu, nionyeshe njia isiyopita kwa Bupe. Nilijua vizuri mila: mke akiondoka mtoto anabaki. Nikaomba Ndimbumi aungame. Nikaomba Gwakisa apone. Nikaomba hata, Mungu anisamehe, Gwakisa afe upesi ili swali liishe. Hilo la mwisho nililiomba asubuhi moja ya ukungu, na nilipolisikia kinywani mwangu nikaangusha kikapu. Yalikuwa maneno ya baba mkwe. Anamaliza mwaka, hamalizi. Nilikuwa nimekuwa mtu wa upenu ule. Sikusikia sauti kutoka juu, sikuona mwanga. Jibu lilikuwa hilo tu, kwamba nimefanana nao, na Mungu hataki.

Ijumaa ikafika. Wamekaa vilevile, mchungaji, Katibu Ndimbumi na daftari, wazee wanne pamoja na mama mmoja mzee, na lile koti la kahawia limegeukia ukuta.

"Una neno, Mama Bupe?"

"Ninalo."

Ndimbumi akaacha kuandika. Mchungaji akatabasamu, nadhani alitegemea habari ya majirani na kuku. "Na nani?"

Nikasema, "Mabati ya kanisa hakuiba Gwakisa. Yaliuzwa Msasani, ufunguo ulikuwepo wa pili, na mashine ya Mpuguso imetoka humo. Nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa jikoni siku ya mvua."

"Tunakuuliza na nani," mchungaji akasema.

Nilijua kwamba nisipotaja haitakuwa kitu. "Na Ndimbumi huyu," nikasema. "Na Asegelile Mwaisemba."

Nimefikiria miaka yote namna ya kuieleza ile dakika. Yule mama mzee aliziba masikio kwa mikono miwili. Mzee mmoja akasimama, akakaa, akasimama tena. Mchungaji mwenyewe aliinua mkono kama anazuia kofi. Nikashukuru, nikadhani ukweli umewapiga. Nikasema moyoni, haya, sasa watauliza mashine iliko, watamwita mtu wa Msasani. Halafu yule mama mzee akasema, kwa sauti ya kilio, "Amemtaja. Amemtaja baba mkwe wake, na amekaa pale pale." Mwingine akasema, "Mtoto wa watu hana adabu hata ya kunong'ona." Mwingine akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikarudia habari ya mabati. Nikairudia tena, polepole, labda hawakusikia. Hakuna aliyeuliza hata swali moja la mabati. Wizi ulipita mbele yao kama kuku, na lile jina likasimama chumbani kama ng'ombe. Wote walikuwa wananitazama mimi kwa hofu ya kweli kabisa, si ya kuigiza, na ndicho kitu kilichonivunja. Hawakuwa wanamficha mwizi. Walikuwa hawamwoni. Baba mkwe hakugeuka. Nilikuwa nautazama mgongo wake, ukawa unapanda na kushuka, basi.

Adhabu ilitangazwa Jumapili. Ndimbumi ndiye aliyeisoma: nimetengwa kwa kumvunjia heshima mzazi na mzee wa kanisa. Nikaenda benchi la mlangoni. Gwakisa akasogea kunipa nafasi, akanifunika nusu ya koti lake maana mvua ilikuwa inaingia. "Karibu," akaninong'oneza, "huku kuna hewa." Tukacheka wawili, sisi tuliotengwa, mpaka watu wakageuka. Na Jumatatu nikarudishwa kwetu. Ipyana alinifungia nguo zangu mwenyewe, akazikunja vizuri, hakunipiga, hakunitukana. "Uliponinong'oneza mimi ilitosha," akasema. Bupe alikuwa kwenye mgongo wa mama mkwe, amevaa gauni la maua ya manjano. Hakulia. Alidhani naenda sokoni. Aliniambia nimletee mkate wa maziwa.

Kwetu sikukaa, nikapanga chumba Msasani, nikaendelea na kuchuma chai ya watu. Mwezi haujaisha akaja Mchungaji Anyitike, mchana, amevua ile kola yake, akaniambia Gwakisa anakufa na ameniulizia. Tulikwenda kwa miguu njia za migombani kama wezi. Kibandani akafunga mlango, akatoa mkate na kikombe kwenye mfuko wa plastiki, akampa Gwakisa meza ya Bwana kitandani. Mzee akameza, akafumba macho. Akasema "ndaga", asante, mara nyingi. Mimi pia mchungaji akanipa, na safari hii ulimezeka. Tulipotoka nje akaniambia, "Mama Bupe, najua ulisema kweli. Lakini hili libaki kati yetu. Kanisa litapasuka." Kwa hiyo alijua. Aliniacha nikasomwa mbele ya watu, na alijua. Gwakisa alizikwa kama mwizi aliyehurumiwa. Mchungaji naye ameshafariki, namtaja vilevile.

Watu wanaohubiri siku hizi kwenye redio wanasema ukimtii Mungu atakufungulia milango. Mimi nilimtii, mlango niliofunguliwa ni ule wa kutokea. Bupe nilikuwa namwona kwa mbali, kwenye uzio wa shule, mpaka akakua akawa ananisalimia kama jirani. Aliambiwa nilifuata mwanaume Mbeya. Sijui kama nimemsamehe Mungu kwa hilo. Namwomba kila siku, na katika ile sala ya Bwana naisema kwa sauti, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nanyamaza kidogo, nasubiri wenzangu wapite, halafu nadakia mbele. Lakini sijamwacha. Na ningeulizwa tena ningesema tena, hilo najua, na kulijua hakunipi raha yoyote.

Sasa lile neno la pili, la kunong'onezwa. Baada ya kuzika, Bupe alinifuata nyuma ya jiko. Jiko ni lile lile, wameongeza bomba la moshi. Ni mama mzima, mwanakwaya wa kanisa lile lile, ameolewa kijiji cha pili. Akasimama karibu nami, tukawa tunatazama maji yanavyotiririka kutoka upenuni.

"Mama, yale ya mabati ni kweli."

Nilidhani ananiuliza. "Ni kweli," nikamjibu.

"Sikuulizi. Nakuambia. Babu aliniambia mwenyewe."

"Lini?"

"Nilikuwa darasa la sita. Alikuwa anaumwa, nikawa namsomea Biblia. Akasema funga kitabu. Akasema mama yako hakusema uongo, alisema yote kama yalivyokuwa. Akanikataza nisimwambie mtu mpaka afe."

Darasa la sita. Nikahesabu kwa vidole kama mjinga. Miaka yote ile ananisalimia kama jirani, alikuwa anajua. Na yule mzee, aliyeezeka kanisa kwa mabati membamba ya faida ya mashine, aliungama kwa mtoto, chumbani, akaweka jiwe juu ya mdomo wake. Nilitaka kumpiga Bupe. Mkono ulinyanyuka kabisa. Nikauona uso wake, nikaushusha mkono.

"Sasa amekufa," akasema. "Nifanye nini?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nilikuwa nalo miaka yote. Nenda kasimame pale mbele, chukua kile kipaza sauti. Lakini ana mume, ana watoto, ana wakwe. "Sikuambii useme, mwanangu," nikamwambia, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Wala sikuambii unyamaze."

Nikarudi Msasani. Sikulala vizuri wiki ile, wala sikumpigia simu. Jumapili ya meza ya Bwana ilikuwa inakuja, nilijua, bado wanauliza lile swali siku ya Ijumaa. Ijumaa nilikuwa nachambua maharage simu ikalia.

"Mama. Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Mchungaji mpya alikuwepo, na wazee."

Nikakaa chini kwenye gunia. "Wakasemaje?"

Sauti yake ilipokuja ilikuwa ya mtu aliyegongwa na kitu ambacho hakukiona kinakuja. "Mama, hawakuuliza chochote. Wamesema mtu gani anayemtaja marehemu ambaye hata arobaini yake haijafika."

Nilijikuta nacheka, na machozi yanashuka, maharage yamemwagika sakafuni. Nikamwuliza Jumapili watamweka wapi.

"Kule nyuma," akasema. "Benchi la mlangoni."

Nikamwambia avae koti, mvua inaingia pale. Na aniachie nafasi.